Baba bwege kwenye tangazo la sabuni: kosa liko wapi na mswada urekebishwe vipi

Swali: Naandika matangazo ya televisheni kwenye wakala mdogo hapa Dar es Salaam. Mteja wetu anauza sabuni ya unga na ameupenda mswada huu wa sekunde 30: mama anakwenda kwenye sherehe, baba anabaki na watoto. Baba anafua mashati meupe ya shule pamoja na kanga mpya nyekundu, mashati yanageuka rangi ya waridi. Mama anarudi, anatikisa kichwa, anayafua kwa sabuni ya mteja na mashati yanang'aa. Sauti inamalizia: "Wanaume! Waachieni wanaojua." Mwenzangu ofisini anasema tunawadhalilisha wanaume. Bosi anasema ni utani tu na watu watacheka. Nani yuko sahihi, na nirekebishe vipi bila kuua kichekesho?

Jibu:

Mwenzako yuko sahihi. Bosi naye hajakosea anaposema watu watacheka, maana mswada umejengwa kwa fomula iliyochekesha watazamaji kwa zaidi ya miaka sabini. Lakini kabla ya kuhesabu vicheko, tazama vinatokana na nini.

Chukua karatasi umalizie sentensi hii: "Baba ameharibu mashati kwa sababu..." Tumia yale tu ambayo mtazamaji ataona au kusikia. Ana haraka? Hakuna saa wala basi la shule linalopiga honi. Ametoka zamu ya usiku, macho yanamfumba? Hakuna dalili. Anajidai kuwa anajua kila kitu? Hajasema neno. Kinachobaki ni kwamba yeye ni mwanaume, na sauti ya mwisho inalitamka hilo waziwazi. Mpaka uko hapo. Mtu akikosea kwa ubahili wake, kwa majivuno yake, au kwa uongo aliousema asubuhi ukamrudia jioni, hicho ni kichekesho halali, hata kikiwa kikali. Akikosea kwa sababu ya jinsia yake tu, umemsema kila baba aliyekaa sebuleni, mbele ya watoto wake.

Waingereza wameliandika hili kwenye kanuni zao za matangazo, na inafaa uzijue hata kama hazikubani. Tangu tarehe 14 Juni 2019, tangazo nchini Uingereza haliruhusiwi kuwa na dhana za kijinsia zinazoelekea kuleta madhara, au kuudhi vibaya au kuudhi watu wengi. Mwongozo wake unatoa mifano. Mmoja ni mtu anayeshindwa kazi kwa sababu ya jinsia yake: mwanaume asiyeweza kubadili nepi, mwanamke asiyeweza kuegesha gari. Mwingine ni familia inayochafua nyumba huku usafi ukiachiwa mwanamke peke yake. Wa tatu ni kumdharau mwanaume kwa kuwa anafanya kazi zinazodhaniwa kuwa za kike. Mswada wako umegusa wa kwanza, na umekaribia sana wa pili. Lakini kanuni haikatazi kumwonesha mwanaume akikosea, wala mwanamke akifua. Inauliza sababu ya kosa na ujumbe unaobaki.

Miezi miwili baadaye, Agosti 2019, mamlaka yao ya matangazo, ASA, ilizuia matangazo mawili ya kwanza chini ya kanuni hiyo. La jibini la Philadelphia linafanana na lako kimuundo. Akina baba wawili wako kwenye mgahawa wenye mkanda unaozungusha vyakula, wananogewa na chakula, na watoto wao wachanga wanajikuta wanazunguka juu ya mkanda. Mmoja anamwambia mwanawe wasimwambie mama. Malalamiko yalikuwa 128. Kampuni ilijitetea kwamba iliwachagua akina baba makusudi ili isirudie picha ya mama kama mlezi pekee. Nia ilikuwa njema, lakini utetezi haukukubaliwa, kwa sababu kilichofika kwenye kioo ni wanaume wasioweza kulea. Hata tangazo lilikuwa limepita kwenye ukaguzi wa kawaida kabla ya kurushwa. Tangazo la pili lilikuwa la gari la umeme la Volkswagen: wanaume wako angani na kwenye michezo, mwanamke amekaa kando ya kigari cha mtoto. Hilo lilikuwa na malalamiko matatu tu, na bado likazuiwa. Kwa hiyo usimkubalie anayekuambia, "Mbona hakuna aliyelalamika?"

ASA haitozi faini, lakini tangazo likizuiwa haliruhusiwi kurudi hewani kwa umbo lile lile, na gharama ya kurekodi inabaki kwa mteja. Marekani, mwaka 2012, hakuna mamlaka iliyoingilia tangazo la nepi za Huggies: wanunuzi wenyewe waliamka. Kampuni ilionesha akina baba walioachiwa watoto siku tano ndani ya nyumba moja, kama jaribio gumu kuliko yote ambalo nepi zingeweza kupitia. Walitaka kusifu nepi. Akina baba wakasikia kwamba wao ndio hatari ambayo nepi inapaswa kuistahimili. Baba mmoja alianzisha waraka mtandaoni, ukapata saini zaidi ya elfu moja ndani ya siku chache, na kampuni ikayabadilisha matangazo.

Hapa Tanzania kanuni za Uingereza hazina nguvu. Ila kama mteja wako ni tawi la kampuni ya kimataifa, mswada unaweza kurudishwa kutoka makao makuu. Mwaka 2017 UN Women pamoja na makampuni kama Unilever na Procter & Gamble yalianzisha umoja wa kuondoa dhana za kijinsia kwenye matangazo. Muulize mteja mapema kama ana mwongozo wa namna hiyo, kabla hujapanga siku ya kurekodi.

Sasa tumtazame huyu baba bwege ametoka wapi, maana ukijua asili yake utamtambua hata akivaa nguo nyingine. Kwenye komedi za familia za televisheni ya Marekani yupo tangu miaka ya 1950. Wengi hawamwangalii kazi yake, na kazi ndiyo inayoeleza mengi. Ralph Kramden wa The Honeymooners, mwaka 1955, ni dereva wa basi. Fred Flintstone, 1960, anaendesha mtambo kwenye machimbo ya mawe. Al Bundy wa Married... with Children, 1987, anauza viatu. Doug wa The King of Queens, 1998, anasambaza vifurushi. Sasa mtazame baba mwenye busara: wa Father Knows Best anauza bima, wa The Cosby Show ni daktari. Mtafiti Richard Butsch alionesha mpangilio huo: baba wa tabaka la wafanyakazi ndiye anayefanywa kichekesho, na mkewe na watoto ndio wenye akili, baba wa tabaka la kati anaheshimiwa. Erica Scharrer, mwaka 2001, alifuatilia komedi za familia kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1990 akakuta baba anazidi kufanywa mjinga kadiri miongo inavyosogea, hasa yule wa kipato cha chini. Kwa hiyo ukimcheka baba bwege, mara nyingi unamcheka pia mtu maskini, ila umemvisha sura ya utani wa mke na mume.

Komedi ya aina hiyo ina dakika 22 hivi za hadithi ndani ya nusu saa, na mwisho wa kila kipindi mambo yanarudi yalivyokuwa ili wiki ijayo hadithi ianze upya. Maana yake baba hawezi kujifunza. Akijifunza kupika leo, kichekesho cha Alhamisi ijayo kimekufa. Tangazo limechukua mtu huyo kwa sababu nyingine. Sekunde 30 hazitoshi kumtambulisha mtu mpya, hivyo mwandishi anamtumia yule ambaye mtazamaji tayari anamjua. Halafu anatafuta wa kukosea. Mama hafai, ndiye anayedhaniwa kuwa mnunuzi. Mtoto ataonekana anaonewa. Anabaki baba, ambaye kwa kuwa ana mamlaka nyumbani anadhaniwa hawezi kuumia. Mama anasifiwa ili anunue, lakini sifa hiyo ina masharti: ikiwa ni yeye tu anayejua kufua, basi atafua hadi uzeeni. Mwenzako ametaja kudhalilishwa kwa wanaume. Mimi naongeza kwamba tangazo lile lile linamfungia mama kwenye beseni.

Kwetu kuna jambo la ziada: picha hiyo si ya kweli hata kidogo. Shuka mtaani uwaangalie madobi. Wengi ni wanaume, na hawachanganyi kanga mpya na mashati meupe. Mwangalie anayekaanga chipsi mayai usiku kucha kando ya kituo cha daladala. Wanaume wengi waliosoma bweni walifua sare zao wenyewe kwa miaka, na waliopita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) wanajua kufua, kupiga pasi na kukunja. Tumeazima mwanaume asiyeweza kukaanga yai kutoka jikoni la watu wengine, tukamleta kwenye mji ambao kila kona kuna mwanaume anakaanga mayai.

Dhana zetu wenyewe zipo, na ndizo unazopaswa kuzichunga zaidi. Kubwa ni ya limbwata: mume anayeosha vyombo au kumbeba mtoto mgongoni lazima amewekewa dawa kwenye chakula. Wakenya wanasema amekaliwa chapati. Kila anapotokea mwanaume anayesaidia nyumbani, jirani anaingia, anashangaa, watu wanacheka. Huo ndio ule mfano wa tatu wa Waingereza, umevaa kanzu ya kwetu, na unauma kuliko baba bwege, kwa sababu unamwadhibu anayefanya jambo zuri. Wahudumu wa afya wanahangaika kuwaita akina baba kliniki pamoja na wake zao, huku televisheni inawaambia kwamba mwanaume anayebeba kadi ya kliniki amerogwa. Nyingine ni ya mlinzi Mmasai anayepewa Kiswahili kilichovunjwa makusudi ili achekwe. Hapo jinsia, kabila na umaskini vimefungwa kwenye kifurushi kimoja. Ukiwa na mhusika wa namna hiyo, mfute.

Usidhani basi kwamba komedi ya hapa haina la kukufundisha. Papa Shirandula, aliyeigizwa na Charles Bukeko kwenye Citizen TV ya Kenya kuanzia 2007, ni mlinzi anayemficha mkewe kazi yake na kumwacha aamini kwamba ana kazi ya ofisini. Tunamcheka, naam, tena sana. Lakini sababu ya kila aibu inayompata tunaijua: anaona haya kuwa mlinzi, na anataka kuheshimiwa nyumbani. Haya hiyo ni ya mtu, na mwanamke angeweza kuwa nayo. Marehemu King Majuto wa Tanga alichekesha kwa ubahili na tamaa, na bado ulijua ni ubahili wa mzee yule, pale, na shilingi yake mkononi. Hukutoka ukisema wanaume wote ndivyo walivyo.

Kuna kipimo ambacho wengi watakushauri: badilisha jinsia uone kama inaudhi. Kitumie kwa uangalifu. Ukimweka mama kwenye nafasi ya baba, mswada unaweza kuudhi kwa sababu za historia yake mwenyewe, na hapo hujajifunza lolote kuhusu baba. Badala ya kuuliza kama kinaudhi, uliza kama kichekesho kinabaki hai. Mama mwenye majivuno anachekesha sawa na baba mwenye majivuno. "Wanaume! Waachieni wanaojua" inakufa papo hapo ukiibadilisha, na hilo linakuonesha kwamba hapakuwa na kichekesho kingine chini yake.

Kabla ya kurekebisha wahusika, kuna kosa jingine kwenye mswada ambalo mteja hajaliona. Rangi ya kanga iliyochuja na kuingia kwenye kitambaa cheupe haitoki kwa kufuliwa na sabuni ya unga ya kawaida. Huondolewa kwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na ni vigumu zaidi kama nguo imeshakauka au kupigwa pasi. Ukionesha sabuni ikiyarudishia mashati weupe kwa kufuliwa mara moja unampotosha mnunuzi, na Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha walaji. Chagua doa ambalo bidhaa inaliweza kweli. Mwombe mteja pakiti iliyotoka dukani, fua vitambaa vitano vyenye doa hilo, vianike, uvitazame kwenye mwanga wa mchana. Kama viwili tu vimesafika, badilisha doa.

Mswada mpya ungeweza kwenda hivi. Tuseme doa ni la pilau.

Sekunde 0 hadi 4: uani, mabeseni matatu yamepangwa mstari. Baba amekunja mikono ya shati, watoto wawili wamesimama kama wanakaguliwa. Baba: "Mimi nilikuwa kiranja wa usafi bwenini."

Sekunde 4 hadi 12: anatenganisha nyeupe na za rangi kwa madaha, anainua shati juu na kulikagua kwenye jua. Watoto wanaiga kila ishara. Hakuna maneno hapa, na usiyaongeze.

Sekunde 12 hadi 18: doa la pilau halitoki. Anasugua, linabaki. Mtoto: "Baba, bwenini mlikuwa mnakula pilau?" Baba anatulia kidogo. "Maharage."

Sekunde 18 hadi 24: analoweka kwenye sabuni ya mteja. Doa linatoka, na madaha yake yanarudi.

Sekunde 24 hadi 27: mama anaingia kutoka kwenye sherehe, pochi ameishikilia tumboni kwa namna ya ajabu. Doa la pilau linachungulia pembeni. Baba ananyoosha mkono: "Lete."

Sekunde 27 hadi 30: pakiti, jina la sabuni.

Baba bado anachekwa. Anachekwa kwa majivuno, na anashindwa kwa sababu alijifunza kufua nguo ambazo hazijawahi kuona pilau, jambo ambalo kila aliyekula maharage ya bweni atalicheka kwa kujikumbuka. Sabuni nayo imepata kazi ya kweli: mtu anayejua kufua amekwama, na bidhaa imemkwamua. Kwenye mswada wa kwanza sabuni ilimshinda mtu asiyejua chochote, na huo si ushindi wa kutangaza.

Zingatia maneno. Kiswahili kina maneno marefu. Sekunde 30 hubeba maneno 45 hadi 55 kwa mwendo wa kawaida. Ukijaza 70, mwigizaji atakimbia na pale pa "Maharage" patakosa ukimya, na bila ukimya huo hakuna kichekesho.

Sehemu inayoharibika mara nyingi ni kurekodi na kuhariri, wakati wewe mwandishi haupo. Mswada msafi unaweza kurudishwa kwenye ubwege kwa mambo matatu. La kwanza ni mama kutazama kamera akitikisa kichwa. Mtazamo huo unamwalika mtazamaji ajiunge kumcheka baba, hata kama maneno hayasemi hivyo. Andika kwenye mswada: "Mama hatazami kamera." La pili ni picha ya karibu: ikikaa kwenye uso wa baba aliyeduwaa, tunamcheka yeye, ikikaa kwenye doa, tunacheka hali. La tatu ni sauti za kuchekesha zinazoongezwa studio, ile tarumbeta ya kuporomoka baba anapokwama. Omba toleo lisilo na sauti hizo ulisikilize kwanza. Kama halichekeshi bila tarumbeta, tatizo liko kwenye uigizaji, na lirekebishwe huko.

Kwa majaribio, vikundi viwili vya watu wanane vinatosha, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Wakichanganyika, wengi watacheka kwa adabu. Onesha tangazo mara mbili. Kabla hawajazungumza, kila mtu aandike majibu ya maswali matatu: bidhaa inaitwaje, baba huyu ni mtu wa namna gani, na je, ungemwachia mtoto wako kwa siku nzima? Swali la tatu ndilo linalofichua. Watu wakiandika "anajidai" au "mcheshi", umefaulu. Wakiandika "wanaume ndivyo walivyo", rudi kwenye meza. Usianze na "umecheka?", maana jibu la hapo litayabeba majibu mengine yote.

Ukikwama na bosi, mpelekee mteja miswada yote miwili kwenye ukurasa mmoja, ubavu kwa ubavu, na usiingie kwenye mjadala wa kudhalilisha. Mwoneshe kwamba wa kwanza unaahidi jambo ambalo sabuni haiwezi, unawatukana wanaume wanaotumwa dukani kununua pakiti hiyo hiyo, na unamalizia kwa sentensi isiyotaja jina la bidhaa yake. Akiing'ang'ania sentensi hiyo, rekodi picha za mswada mpya na sauti mbili za mwisho siku hiyo hiyo studio, moja yake na moja yako, kisha zote mbili zipitie kwenye vile vikundi viwili kabla hajalipia muda wa hewani.